Majina Kumi na Moja Uliyoyaacha Wazi

Mwanangu Raziki,

Bibi yako wa Unguja alinifunza kwamba barua isiyo na salamu ni kama mgeni anayeingia bila kupiga hodi, kwa hivyo nakusalimu. Lakini salamu hizo zisikudanganye. Nimekasirika. Tangu juzi nimekasirika, nimekula na hasira na kulala na hasira, na nusu ya hasira hiyo ni yako na nusu ni yangu mwenyewe.

Naandika Kiswahili kwa sababu hasira zangu, tangu utoto wangu wa Unguja, huja kwa Kiswahili. Kwa lugha ya mama yako, ya hapa kisiwani Nzwani, najua kununua samaki, kuomba radhi na kutoa pole msibani. Kwa ya Moroni najua kazi ya serikali. Hii niliyokufunza jikoni ulipokuwa mdogo ndiyo ninayoweza kugombana nayo. Usidhani naitumia kujificha; nusu ya wazee wa mtaa huu wamefanya biashara Mombasa na wangeisoma barua hii bila miwani.

Kesho asubuhi utapanda boti ya Mwali, na kutoka Mwali utatafuta nyingine ya Ngazidja, kisiwa cha Moroni, kwa sababu kisiwa chetu kimejitenga tena na ndege haziji. Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Amekwambia habari ya sweta, kwamba Mvuni chuoni kuna baridi ya mlimani na wanafunzi wanaotoka huku pwani hukohoa mwezi mzima. Amekwambia uamke mapema kuliko shangazi yako wa Itsandra na usimwachie vyombo. Sina la kuongeza huko. Saa hizi uko vichochoroni unaaga watu nyumba kwa nyumba, na najua kila nyumba wanakutilia kitu mkobani. Mimi nimechukua kalamu, maana ana kwa ana tumeshindwa. Juzi tuligombana mpaka mama yako akafunga madirisha.

Wiki iliyopita ulinishika mkono ukanipeleka duka la intaneti karibu na bandari. Ulichomeka flashi, ukafungua programu, ukabonyeza mara mbili, na kompyuta ikaandika kwamba wewe na mimi tuko Uholanzi. "Baba, tazama! Hii ndiyo VPN. Askari wa huku wanaona Uholanzi tu. Wa Moroni nao vilevile. Hakuna anayejua kuwa ni mimi." Nadhiri, kijana mwenye duka, alikuwa amesimama nyuma yetu kifua mbele, maana flashi alikupa yeye. Nami nilicheka. Kusema kweli nilijivuna kuwa na binti anayeweza kumpeleka baba yake Uholanzi bila pasipoti.

Juzi nikarudi peke yangu. Nilitaka kumuuliza Nadhiri maswali mawili matatu, mazoea ya mtu aliyestaafia kwenye simu. Akanikalisha kwenye kompyuta ileile, ambayo wewe ulikuwa umeitumia asubuhi, kabla yangu. Sanduku lako la barua pepe lilikuwa wazi. Raziki, lilikuwa wazi! Ulipita Uholanzi yote hiyo, ukajificha kwa kila askari wa visiwa hivi, halafu ukanyanyuka ukaenda zako kula mihogo, ukamwachia barua zako mtu yeyote atakayekaa kwenye kiti kile.

Ningeweza kulifunga bila kusoma. Sikulifunga. Nilisoma.

Nilisoma habari za watu kumi na mmoja wa mji huu waliopigwa au kufungwa, mara hii ya sasa na mara ile ya kwanza ulipokuwa na miaka minane. Nilisoma kwamba ukifika Moroni utazipeleka kwenye redio na kwenye jukwaa la intaneti la Wakomoro walioko Ufaransa. Na nilisoma jinsi ulivyowaandika: fulani, mtoto wa mama fulani, mtaa fulani, nyumba yenye mlango unaotazamana na msikiti. Umewaandika kwa heshima, kama tunavyotambulishana sisi, maana kwetu mtu asiye na mama na mtaa si mtu. Kwa anwani hizo hahitajiki jasusi. Mtoto yeyote wa mji huu angewapeleka askari mpaka mlangoni na kuwagongea.

Uliporudi nyumbani nikakwambia. Uso ulikubadilika.

"Baba, umesoma barua zangu?"

"Nimesoma."

"Huoni haya?"

"Naona."

"Basi kwa nini unanipigia kelele mimi? Haziwezi kuonekana na mtu. Nilipita kwenye VPN."

"Mimi nimeziona."

"Wewe si mtu mbaya," ukasema, ukaingia chumbani.

Siku mbili nayarudia maneno hayo. Mimi si mtu mbaya. Haya, nikueleze sasa kazi ya mtu asiye mbaya.

Unajua nilifanya kazi ya simu miaka kumi na tisa, Moroni kwanza, kisha hapa Mutsamudu nilikohamishiwa, nikamuoa mama yako nikahamia nyumbani kwake kama ilivyo desturi. Zamani mtu hakupiga simu mwenyewe. Alituomba sisi, nasi tuliunganisha nyaya. Tulikatazwa kusikiliza, na wallahi sikuwa msikilizaji. Lakini lazima ujue kama laini imeshika, na huwezi kujua bila kutega sikio. Nilijua nani anaoa mke wa pili kabla mke wa kwanza hajajua. Nilijua mgonjwa amekufa hospitali wakati jamaa zake bado wanampikia uji. Sikusikiliza, nilisikia. Aliyekaa katikati ya nyaya husikia hata kama ni mcha Mungu, na siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Kisiwa kilipojitenga mara ya kwanza, mimi Mngazidja niliambiwa na watu waliokula harusi yangu kwamba ni heri nirudi kwetu. Nikaenda Moroni, nikawaacha wewe na mama yako hapa. Huko nako watu wa Nzwani walikuwa wakitupiwa mawe mitaani, kwa hivyo sikuweza kuwaita mje. Simu za kutoka kisiwa hadi kisiwa zilikuwa zikisikilizwa pande zote mbili. Nilijua kwa sababu wasikilizaji wa upande wetu walikuwa wakinywa chai kwenye meza yetu ya kazi.

Ndipo Halidi, binamu wa mama yako mwenye duka la vitambaa Maore, kisiwa kilichobaki na Wafaransa, akapata akili yake. Alikuwa na simu mbili dukani. Mimi nilimpigia kutoka Moroni, mama yako akampigia kutoka Mutsamudu, na yeye akalaza mikono miwili ya simu mezani, kichwa kwa miguu, mdomo wa huu kwenye sikio la ule, akaifunga pamoja kwa utepe wa kupimia nguo. Sauti ilikuja kama mtu anazungumza ndani ya ndoo, lakini ilikuja. Serikali ya huku iliona mwanamke amepiga simu Maore. Serikali ya kule iliona mwanamume amepiga simu Maore. Hakuna aliyetuona tunazungumza sisi kwa sisi.

"Mimi nikishawafunga nakwenda nyuma kupiga pasi," Halidi aliniambia. "Sisikii kitu, shemeji. Semeni mtakalo."

Nilimwamini, na nilikuwa na raha ileile uliyokuwa nayo wewe mbele ya kompyuta ya Nadhiri. Nilijiona mjanja kuliko dola mbili. Katika miezi minne ya hofu nilikuwa nachunga kila neno hata kwa mwenzangu wa chumbani. Kwenye simu ya Halidi nikavua tahadhari yote kama mtu anavyovua viatu msikitini.

Wakati huo mjomba wako Saindu alikuwa amejificha. Unamjua leo kama mtu anayefundisha watoto Kurani na kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Zamani alikuwa fundi. Kola ya kanzu aliyoitarizi Saindu ilijulikana mji mzima, na hakuna bwana harusi wa harusi kubwa aliyetaka joho la mkono mwingine. Wanamgambo walimtaka awashonee sare, akasema yeye hushona nguo za harusi tu. Kwa jibu hilo ikabidi akae kwenye banda la kukaushia karafuu, shambani kwa bibi yako mzaa mama, juu ya Koni. Jirani yake Bakari, rafiki wa tangu chuo cha Kurani, alikuwa akimpelekea chakula mara mbili kwa wiki. Waliojua maficho hayo ni watu watano tu.

Sasa sikiliza kosa langu, Raziki, maana si kosa la mlevi wala la mpumbavu. Ni kosa la mtu mwenye adabu. Sisi hatujui kupiga simu bila kuulizana hali ya watu mmoja mmoja kwa majina. Mtu aliyeoa hawezi kupiga nyumbani kwa mkewe bila kumuuliza kaka wa mkewe, ni tusi. Nikauliza watoto, wazima. Nikauliza bibi, mzima. Nikasema, "Na shemeji?"

"Watu wote wazima," mama yako akajibu haraka.

"Namuuliza Saindu. Bado yuko Koni?"

Akakohoa. Akaniuliza bei ya mchele Moroni.

Mama yako hakuwahi kufanya kazi ya simu hata siku moja, lakini alikuwa na akili kunizidi mimi na miaka yangu kumi na tisa. Mimi nikaona amekosa adabu kwa ndugu yake! Nikasema tena, wazi, kila neno: "Mwambie asitoke kwenye banda la karafuu mpaka nimletee habari. Na umpe salamu zangu."

Siku nane baadaye walipanda Koni wakamtoa bandani. Walijua mpaka mlango wa nyuma. Walimvunja vidole vya mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki, kimoja kimoja, wakamwambia sasa ashone.

Nilirudi huku mambo yalipotulia, na kwa muda mrefu nilikuwa natukana pamoja na wengine: nani huyo, mwana haramu gani huyo aliyemuuza Saindu? Kisha Halidi akaja kwa harusi. Tulikaa naye karamuni, amenenepa, ana furaha, na kati ya tonge na tonge akaniambia jinsi alivyotufaa siku zile. Akasema siku moja alisikia mkono wa simu umeteleza, akaja kuurekebisha, akasikia kuwa Saindu yuko kwenye banda la karafuu na ni mzima, akashukuru Mungu. Wikendi hiyo mzee mmoja wa Mutsamudu alikuwa dukani kwake na wasiwasi juu ya Saindu, basi akamtuliza. "Nikamwambia, usihangaike, yuko Koni kwenye banda la karafuu, salama kabisa." Mzee huyo alikuwa na mtoto katika wanamgambo. Halidi hakujua. Aliniambia habari hiyo kama mtu anayedai shukrani, nami nikakaa na mkono kwenye sinia, nyama imeniganda vidoleni.

Halidi si mtu mbaya! Hakuchukua hata senti. Hakuvunja ahadi kwa kukusudia. Mimi ndiye niliyempa jina na mahali, nikaita simu yake siri kwa sababu tu wale niliowaogopa hawakuwa ndani yake.

Sasa rudi kwenye VPN yako. Usije ukasema baba yako ni mzee anayepinga mashine. Nimelipwa mshahara na mashine. Kitu hicho kina kazi. Nadhiri asiye na adabu angeweza kuchungulia unakoenda, kampuni ya simu ingeweza kuchungulia, na askari anaweza kuwalazimisha wote wawili wamwonyeshe. Ukipita kwenye VPN wanaona kifurushi kilichofungwa kinaelekea Uholanzi na basi. Hilo ni jambo kubwa hapa kwetu, na mwenye kulihitaji alitumie. Lakini kile kifurushi kinafunguliwa na nani? Juzi nilimuuliza Nadhiri mwenye mashine ya Uholanzi ni nani.

"Sijui, mzee. Ni ya bure."

"Kwa nini atubebee mizigo bure?"

Akakuna kichwa. "Labda anapenda watu."

Anapenda watu! Nilikaribia kumpiga kofi. Haya, tuseme ni kweli, mwenye mashine ni walii. Bado kampuni inayotunza barua pepe zako inajua ni wewe, maana umeingia kwa jina lako. Bado utakaowapelekea watakuwa na nakala, na hao wana marafiki, na marafiki wana mashemeji wenye wasiwasi. Bado kiti cha Nadhiri kinakaliwa na yeyote. Kitu hicho kinaficha njia uliyopita. Hakifichi ulichokibeba, wala hakimfungi mdomo unayempelekea. Hukuondoa macho yote, Raziki, ulibadilisha tu ni nani wa kumwamini, tena ukamchagua mtu usiyemjua jina.

Na hili ndilo linalonitia hasira kuliko yote. Kama ungekuwa unaficha siri zako mwenyewe ningekwambia fanya upendavyo, una miaka kumi na tisa. Lakini wale kumi na mmoja hawakuiamini Uholanzi. Hawajui hata VPN ni kitu gani. Walikuamini wewe, mtoto wa mtaani mwao, uliyekaa jikoni kwao na daftari. Ulipowaambia "hakuna atakayejua," nani alikupa haki ya kusema neno hilo? Mimi nilipita hapo. Mezani kwa Halidi palikuwa na simu mbili. Sasa wewe ndiye meza ambayo siri za watu zimelazwa juu yake.

Sikwambii unyamaze. Watu walipigwa na lazima isemwe, na mama yako akikwambia nyamaza ujue ni hofu ya mzazi. Yaseme yaliyotendwa. Lakini leo hii, kabla ya kulala, rudi kwa Nadhiri ufute majina, mama zao, mitaa na milango. Anayetaka jina lake lisikike akwambie kwa kinywa chake, akishajua ni nani watakaolisoma, si kwa sababu wewe umevutiwa na programu. Wakikataa wote kumi na mmoja, enda Moroni na habari zisizo na majina na uvumilie redio zikikwambia hazitoshi.

Limebaki moja. Habari ya mjomba wako ndiyo ya kwanza kwenye orodha yako, na mwisho wake umeandika kwamba mpaka leo haijulikani nani aliyewaambia wanamgambo. Niliisoma sentensi hiyo kwenye duka la Nadhiri. Mimi nimeijua miaka saba, tangu ile harusi, na nimekula naye kila Idi.

Asubuhi hii nilikwenda kwake. Niliona si haki wewe uyasome kabla yeye hajayasikia. Nilimweleza yote, tangu simu mbili mpaka Halidi na tonge lake, na sikumwongezea neno la kujitetea. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilitaraji anitukane, au anisamehe. Mtu mwoga hutaka moja kati ya hayo mawili. Aliniuliza tu, "Kwa hivyo si Bakari?"

Nikamwambia si Bakari.

Sikujua, Raziki. Kumbe muda wote huo alidhani ni Bakari, kwa kuwa ndiye aliyeijua njia ya bandani. Hakumwambia mtu. Aliacha kumjibu salamu tu, na Bakari akadhani rafiki yake ameharibika akili kwa mateso, akaendelea kumsalimia kila asubuhi mpaka alipokufa mwaka juzi. Saindu hakwenda kumswalia. Tulimlaumu, unakumbuka, mama yako alilia. Leo alinyanyuka, akafungua mlango kwa mkono wa kushoto, akasimama hapo mpaka nikaelewa kuwa natakiwa kutoka.

Kwa hivyo kesho gatini usishangae ukituona tumesimama mbali mbali, na usijaribu kutupatanisha kwa dakika kumi za kuaga. Mbusu mkono yeye kwanza. Jina lake lifute pamoja na ya wenzake, mpaka mwenyewe akwambie vingine. Pale ulipoandika kuwa haijulikani, andika langu: jina, mama yangu, Itsandra, na nyumba niliyooa. Hilo nimekupa mwenyewe, na najua ni nani watakaolisoma.

Baba yako